Rilei kwenye gari la volti 12 na la volti 24: kisanduku kimoja kwa magari yote kinawezekana?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi umeme wa magari. Nimepata kazi ya kufunga vifaa vya GPS vyenye uwezo wa kuzuia gari lisiwake, kwa mteja mwenye Fuso tatu, Coaster mbili, Noah nne na pikipiki sita. Kifaa kimeandikwa kwamba kinakubali volti 9 hadi 36, lakini rilei iliyomo kwenye boksi ni ya volti 12. Kwenye Fuso ya kwanza, baada ya safari ya saa mbili, rilei ilipata moto hadi plastiki ikalainika. Nikaweka rezista ndogo ya omu 100 kwenye waya wa koili, nayo ikatoa moshi kabla dakika haijaisha. Nikanunua rilei za volti 24 nikafunga kote. Kwenye Noah asubuhi gari linawaka vizuri, mchana rilei haivuti na gari haliwaki. Fundi mwenzangu anasema nichukue volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili za Fuso. Mdogo wangu aliyesomea elektroniki anasema tutengeneze saketi ya kuilisha rilei kwa mipigo. Ninachotaka ni kisanduku kimoja kinachofaa magari yote. Nifanye nini?"

Marahaba, fundi. Umekabidhiwa vyombo kumi na tano vya mtu mmoja, na naelewa kwamba hutaki kila kimoja kikufundishe somo lake kwa hasara. Majaribio yako matatu hayakupotea bure. Rilei iliyolainika, rezista iliyotoa moshi na rilei iliyogoma mchana zote zinaeleza jambo moja kwa pande tofauti, na ukilielewa jambo hilo utaweza kuchagua njia mwenyewe bila kubahatisha.

Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, na koili yake ni waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi sana kwenye kijiti cha chuma. Umeme ukipita, kijiti kinageuka sumaku na kuvuta ulimi wa chuma unaobeba kontakti, yaani vipande vinavyogusana kupitisha umeme na kuachana kuukata. Umeme ukikatika, springi inaurudisha ulimi mahali pake. Nguvu ya sumaku hiyo inatokana na ampea zinazopita kwenye waya zikizidishwa na idadi ya mizunguko. Volti kazi yake ni kusukuma, na ukinzani wa waya ndio unaoamua ni ampea ngapi zitapita. Kwa hiyo maandishi ya "12V" juu ya kifuniko ni ufupisho tu: mtengenezaji anakuambia kwamba koili hii, ikipewa takriban volti 12, itapitisha umeme wa kutosha kuvuta ulimi lakini usiotosha kuichoma.

Chukua mita yako, iweke kwenye omu, kisha upime kati ya mguu wa 85 na wa 86, ambayo ndiyo miguu ya koili. Rilei nyingi za gari za volti 12 huonyesha omu 80 hadi 100, na za volti 24 huonyesha omu 300 hadi 360 hivi. Tuseme yako ya volti 12 ina omu 90. Kwenye betri yenye volti 12.6 inapitisha ampea 0.14, na joto linalozaliwa ndani yake ni wati 1.8, kiasi ambacho kifuniko chake kinaweza kukitoa nje. Kwenye Fuso injini ikiwa inazunguka na alteneta, ile mashine inayochaji betri, inatoa volti 28, koili ileile inapitisha ampea 0.31 na kuzalisha wati 8.7. Volti zimezidi mara mbili na kidogo, lakini joto limepanda karibu mara tano, kwa sababu joto la koili hupanda kwa mraba wa volti. Rilei haikuwa mbovu wala ya bandia. Ililazimishwa kutoa joto la balbu ndogo ya taa ya nyuma ndani ya kijumba cha plastiki kisicho na tundu.

Noah ilikuonyesha upande wa pili. Rilei ya volti 24 yenye omu 320, ikilishwa volti 12.6 za betri kabla injini haijawaka, inapata ampea 0.039 tu. Rilei nyingi huhitaji asilimia 50 hadi 70 ya volti yake ili ulimi uvutike, yaani kwa hii ya 24 ni kuanzia volti 12 hadi 17 hivi ikiwa ya baridi. Asubuhi yako ilikuwa imesimama ukingoni kabisa. Kisha jua likapanda, injini ikachemka, na shaba ikafanya inavyofanya siku zote: ukinzani wake huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 80, ambazo si ajabu karibu na injini, omu 320 zinakuwa karibu 395, na ampea zinashuka hadi 0.032. Sumaku imedhoofika ilhali springi haijabadilika, ndiyo maana gari liligoma. Kanuni hiyo inazihusu rilei zote, hata ile sahihi: rilei ya moto huhitaji volti zaidi ili ivute kuliko rilei ya baridi, na anayeipima mezani kwenye kivuli peke yake hajaipima.

Hapa kuna kosa ambalo mafundi wengi tunalo, nalo ni kuichukulia betri ya 12 kana kwamba ina volti 12. Betri nzima iliyotulia ina volti 12.6 hadi 12.8; inapochajiwa inafika 13.8 hadi 14.4, na stata inapovuta inaweza kushuka hadi 9, au hata 6 ikiwa betri imechoka. Mfumo wa 24 ni betri mbili zilizofuatana, kwa hiyo unatulia kwenye 25 na kidogo, unachaji kwenye 27.6 hadi 28.8, na wakati wa kuwasha injini ya dizeli unaweza kushuka hadi 16 au chini yake. Kisanduku chako kikitaka kufaa magari yote, rilei yake lazima ivute kwenye volti 8 za pikipiki yenye betri dhaifu na isiungue kwenye volti 28.8 za Fuso. Kati ya namba hizo mbili volti zinatofautiana mara 3.6 na joto linatofautiana karibu mara 13. Hakuna koili ya kawaida inayobeba tofauti hiyo ikiunganishwa moja kwa moja na betri, na huo ndio msingi wa kila nitakachokushauri hapa chini.

Ushauri wa fundi mwenzako wa kuchukua volti 12 kwenye betri moja ya Fuso nakuomba uukatae, hata kama umeuona ukifanyika kwa ajili ya redio kwenye malori mengi. Betri mbili zilizofuatana hupokea chaji ileile kutoka kwa alteneta, na alteneta huona jumla tu, yaani zile volti 28. Ukivuta umeme kwenye ile ya chini peke yake, inapungukiwa kila siku kuliko mwenzake, na jumla ikibaki 28, ile ya juu inalazimika kubeba volti zaidi ya kiasi chake. Ya juu inachemka na kumaliza maji, ya chini inabaki na njaa hadi sahani zake zinaingia chumvi isiyoondoka. Mteja ataona betri mpya zikifa moja baada ya nyingine na hatajua kwamba chanzo ni waya mwembamba wa rilei. Ampea 0.14 zinaonekana kidogo, lakini kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 3.4, kila siku, upande mmoja tu.

Rezista yako haikuwa wazo baya. Kilichokosekana ni hesabu ya wati. Omu 100 zikifuatana na koili ya omu 90 kwenye volti 28 zinapitisha ampea 0.147, koili inapata volti 13.3, na hilo ni sahihi kabisa. Lakini rezista yenyewe inapaswa kumwaga wati 2.2, na zile ndogo zenye mistari ya rangi ambazo mafundi tunazo droo nzima ni za robo wati. Uliibebesha karibu mara tisa ya uwezo wake. Ukitumia rezista ya kauri ya wati 5, ukaiweka mbali na plastiki na nyaya, itafanya kazi kwenye Fuso kwa miaka. Udhaifu wake uko kwingine: gari likiwa linawashwa na mfumo ukashuka hadi volti 16, koili inabaki na volti 7.6, mpakani pa kuvuta. Na ukikipeleka kisanduku hichohicho kwenye Noah, koili inapata volti 6 tu na haitavuta kamwe. Rezista ni dawa ya gari moja la volti 24 lililokosa rilei yake siku hiyo, na kwa swali lako la kisanduku kimoja haitoshi.

Sasa nikupe njia ambayo mimi ningeichagua kwa kazi yako, ingawa si ile inayovutia zaidi. Fanya kisanduku kiwe kimoja, soketi iwe moja, lakini rilei ziwe za aina mbili. Waya wa kudhibiti wa vifaa vingi vya GPS hautoi umeme. Ndani yake kuna transista, swichi ndogo ya kielektroniki, inayounganisha njia ya kwenda ethi, yaani upande hasi wa betri. Upande mmoja wa koili unakwenda kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi, upande wa pili unakwenda kwenye waya huo. Transista ya namna hiyo haijali kama juu yake kuna rilei ya 12 au ya 24, mradi volti zisizidi uwezo wake na ampea zisizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kijitabu cha kifaa. Rilei ya 12 kwenye volti 14.4 itaihitaji ibebe ampea 0.16, na ya 24 kwenye volti 28.8 ampea 0.09, kwa hiyo anayeibana zaidi ni ile ya 12. Kama kiwango cha kifaa ni kidogo kuliko hapo, ongeza transista yako ya nje yenye uwezo wa volti 80 au 100.

Soketi za rilei za gari zenye miguu 30, 85, 86, 87 na 87a zina mpangilio uleule kwa 12 na kwa 24: 30 huungana na 87a rilei ikiwa imelala, na huungana na 87 ikivuta. Namba hizo zilitoka kwenye kiwango cha Ujerumani kiitwacho DIN 72552, ambamo 30 ni chanya ya moja kwa moja kutoka betri, 31 ni ethi, 15 ni swichi ya ufunguo na 50 ni waya wa stata, na ukizizoea utasoma michoro ya magari mengi bila taabu. Kufanana huko ndiko kunakokuruhusu kubadilisha rilei bila kubadilisha nyaya, na ndiko pia kunakomruhusu mtu mwingine kuchomeka rilei isiyo yake. Paka rangi soketi, tuseme nyekundu kwa 24, na uandike volti kwa kalamu isiyofutika mahali panapoonekana. Kabla ya kupaka, pima. Gari lenye betri mbili si lazima liwe la 24, kwa sababu kuna magari ya dizeli ambayo betri zake mbili zimeunganishwa sambamba na mfumo unabaki wa 12. Coaster zinapatikana za aina zote mbili. Na ziko Land Cruiser za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani ambazo stata yake ni ya 24 na vingine vyote ni vya 12, ambamo waya uliochukua karibu na stata unaweza kukudanganya vibaya.

Ukishikilia kwamba hata rilei iwe moja, basi acha kuilisha kutoka betri na uilishe kutoka chanzo tulivu. Tumia konveta ya kushusha volti inayotoa volti 5, na rilei yenye koili ya volti 5. Nasema 5 na si 12 kwa makusudi, maana konveta ya kushusha haiwezi kupandisha. Ile ya kutoa 12 itashindwa saa ileile betri ya pikipiki inapoanguka hadi 9, wakati ya kutoa 5 bado ina nafasi ya kupumua. Angalia tu konveta unayoinunua. Vibao vingi vya bei nafuu madukani vimejengwa juu ya chipu ya LM2596, ambayo imepangiwa kufanya kazi hadi volti 40. Hizo zinaonekana nyingi ukilinganisha na 28.8, hadi siku betri inapolegea gari likiwa linachaji.

Siku hiyo ina jina lake katika viwango vya umeme wa magari, "load dump", na inafaa uijue. Alteneta inapokuwa inasukuma umeme mwingi kisha terminali ya betri ikachomoka, haiwezi kupunguza mara moja. Kwa sehemu ya sekunde umeme wote huo unakosa pa kwenda na volti zinaruka. Kiwango cha kimataifa ISO 16750-2 kinavijaribu vifaa kwa kilele cha volti 79 hadi 101 kwenye mfumo wa 12, na volti 151 hadi 202 kwenye mfumo wa 24, pale ambapo alteneta haina kinga ndani yake. Kwa hiyo mwanzoni kabisa mwa saketi yako weka fyuzi, kisha dayodi kubwa ya kuzuia mruko wa volti, kama SM8S33A, ambayo kwenye mshtuko mkubwa huzibana volti karibu na 53. Utaona mara moja kwamba LM2596 ya kawaida haivumilii hata hizo 53, na ndiyo sababu nakushauri utafute aina inayovumilia 60, kama LM2576HV. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na lori lililokwama kwa sababu kibao kimekufa.

Mdogo wako naye yuko sahihi, na njia yake ndiyo yenye akili zaidi ikiwa mnatengeneza vibao wenyewe. Koili haipendi umeme wake ubadilike ghafla: ukiiwasha, ampea zinapanda polepole, na ukiikata, zinataka kuendelea kupita. Ukiiwasha na kuikata mara 20,000 kwa sekunde, huku dayodi iliyo sambamba nayo, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ikiupa umeme njia ya kuzunguka wakati transista imefunga, koili inaona wastani uliotulia. Maikrokontrola, kompyuta ndogo ya kwenye kibao, inapima volti za betri kupitia rezista mbili za kugawa, kisha inachagua sehemu ya muda ambayo transista itakuwa wazi, yaani ikipitisha umeme: kwenye volti 12 inaiacha wazi muda wote, na kwenye 28 inaiacha wazi asilimia 43 tu, ili wastani ubaki volti 12. Rilei ya 12 inakaa kwenye Fuso bila kujua kwamba iko kwenye Fuso.

Njia hii ina faida nyingine ambayo rezista haina. Ulimi ukishavutika, nafasi ya hewa kati yake na kijiti inafungika, na sumaku ndogo inatosha kuushikilia. Ndiyo maana rilei nyingi haziuachii ulimi hadi volti zishuke sana, hata hadi karibu sehemu ya kumi ya kiwango chake. Saketi inaweza kuupiga ulimi kwa nguvu zote kwa sehemu ya kumi ya sekunde, muda ambao hata volti 28 haziwezi kuidhuru koili ya 12, kisha ikapunguza hadi kiasi cha kushikilia. Kwa pikipiki hili ni jambo la maana sana. Betri yake huenda ni ya ampea-saa 5 hadi 9, na rilei inayokula ampea 0.14 ikiachwa imefunga siku mbili, pikipiki iliyookolewa kutoka kwa mwizi itarudishwa kwa mwenyewe ikiwa imekufa betri.

Msipunguze mno, lakini. Barabara zetu zina mawimbi ya vumbi na matuta, na ulimi ulioshikiliwa kwa nguvu ya chini kabisa unaruka kontakti kila gurudumu linapoingia shimoni. Mimi nisingeshuka chini ya asilimia 60 ya volti ya rilei, na ningeagiza programu irudie ule mpigo kamili mara kwa mara, endapo ulimi umeachia. Dayodi iwe ya kasi, kama UF4007. 1N4007 tuliyoizoea ni nzuri kwa rilei inayowashwa na kuzimwa mara moja moja, lakini ni nzito mno kwa mipigo 20,000 kwa sekunde na itapata moto.

Hiyo dayodi nimeitaja kwa mipigo, lakini ni ya lazima katika kila njia niliyoieleza. Ukikata koili isiyo na dayodi, sumaku inayoporomoka inazalisha volti zinazoweza kufika mamia, nazo zinatafuta transista ya kifaa chako. Upande wenye mstari uelekee chanya. Baadhi ya rilei zinakuja na dayodi ndani, na hizo zina upande: soma mchoro uliochorwa kwenye kifuniko kabla ya kuchagua 85 au 86 iende wapi, kwa sababu ukizigeuza, dayodi inakuwa njia fupi ya kwenda ethi.

Hadi hapa tumezungumzia koili peke yake, kama swali lako lilivyofanya, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Hata ukiitunza koili ya rilei ya 12 kwenye Fuso kwa ustadi wote, kontakti zake bado zimepangiwa volti 14. Kontakti za fedha zinapoachana zikiwa zimebeba umeme, cheche inahitaji takriban volti 12 ili iweze kuendelea kuwaka. Kwenye mfumo wa 12 inazaliwa na kufa karibu papo hapo; kwenye 28 ina volti za kutosha kujinyoosha, kula madini na hatimaye kuziunganisha kontakti zisiachane tena. Umeme wa betri hauna ule wakati wa kupita sifuri ambao umeme wa nyumbani unao, kwa hiyo hakuna kinachoizima isipokuwa umbali. Ndiyo sababu rilei iliyoandikwa ampea 40 kwa volti 12 huwa na ndugu yake wa volti 24 aliyeandikwa ampea 20 tu kwa umbo lilelile, na upande wa 87a huwa mdogo zaidi ya huo. Hii ndiyo hoja yangu kubwa ya kukushauri rilei mbili: ukinunua ya 24 unapata koili na kontakti zilizofikiriwa kwa pamoja. Ukitumia mipigo au konveta, sharti uangalie uwezo wa kontakti kwa volti 28 za moja kwa moja, na kama hautoshi, iache rilei yako ndogo iendeshe tu koili ya rilei kubwa ya volti 24.

Kuna jambo hukuliuliza, lakini maelezo yako yamelifichua. Rilei ilipata moto safarini, na Noah haikuwaka kwa sababu rilei haikuvuta. Maana yake umepitisha umeme wa gari kwenye 30 na 87, na koili yako inafanya kazi muda wote gari linapotembea. Kwa mpangilio huo, fyuzi ikikatika, waya ukilegea au koili ikiungua, injini inazimika barabarani. Hamishia kwenye 30 na 87a, ili rilei ikiwa imelala gari liwe huru, na ivute pale tu mwenye gari anapoamuru kulizuia. Na amri hiyo isizime kamwe injini ya gari linalotembea. Usukani unakuwa mzito ghafla, breki za upepo zinaacha kujazwa, na za gari dogo zinabaki na msaada wa mara chache tu za kukanyaga. Kata mzunguko wa stata badala ya mafuta, ili gari lililosimama lisiwake tena, na weka sharti kwenye kifaa kwamba amri ipokelewe pale tu mwendo ni sifuri. Kwenye lori, waya wa solenoidi ya stata unabeba umeme mwingi. Upime kwanza ndipo uchague rilei.

Kabla hujafunga hata moja, ijaribu mezani kwa chanzo cha umeme kinachorekebishika. Pandisha volti polepole hadi usikie mlio, andika namba. Kisha iache kwenye volti za juu kabisa za gari husika, 14.4 au 28.8, kwa nusu saa ikiwa imefunikwa na kitambaa, izime, na papo hapo rudia kupandisha kutoka sifuri. Namba hii ya pili ndiyo ya kuilinganisha na volti utakazozipima kwenye betri ya gari hilo stata ikivuta. Kama rilei ya moto inahitaji 9.5 na betri inashuka hadi 9, umeigundua hitilafu ukiwa bado karakanani.

Magari mengine usiyaguse peke yako. Kama kati ya hizo Fuso kuna linalobeba mafuta ya petroli au gesi, kila waya ndani yake una masharti yake, na kazi hiyo impate fundi aliyeidhinishwa kwa magari ya aina hiyo. Gari jipya ambalo kompyuta yake inasimamia stata na pampu kwa mawasiliano ya data linaweza kuandika hitilafu au kugoma kabisa ukikata waya katikati. Lipeleke kwa mwenye mashine ya kulisoma. Ukipima alteneta ukakuta zaidi ya volti 15 kwenye gari la 12, au zaidi ya 30 kwenye la 24, acha kifaa pembeni kwanza na ushughulikie regyuleta, yaani kidhibiti cha volti cha alteneta. Na ile Fuso ya kwanza, ambayo plastiki ya rilei ililainika, fungua utepe wa nyaya zote zilizopita jirani yake na uzikague moja moja kwa macho na kwa mita kabla dereva hajaichukua tena, kwa sababu ganda la waya lililoyeyuka kwa ndani halionekani kwa nje mpaka siku litakapogusa chasisi.